Kichwa cha Sili wa Kwanza

Tegeni masikio, maana mwishoni ni nyinyi mtakaotoa hukumu. Mimi imenishinda.

Kaskazini kabisa, ambako bahari huganda watu wakatembea juu yake, aliishi mjane aitwaye Aviaja na wanawe watatu. Nivi, binti mkubwa, aligonga barafu kwa fimbo akajua kama itambeba mtu au itammeza. Ujarak, kijana wa kati, alitia mkono majini akajua samaki wameelekea wapi. Pipaluk, kitinda mimba, alikuwa binti mwenye shabaha, chusa lake, mkuki wa kuvulia, halikosi. Alijisifu mno huyo, lakini tumwache.

Nyumba hiyo iliishi kwa kuwinda sili, mnyama wa baharini mwenye nyama na mafuta tele, na ilikuwa na desturi. Kichwa cha sili wa kwanza wa msimu hakigawanywi. Hukila yule aliyemleta sili, na neno lake hufuatwa na wote mwaka mzima. Marehemu baba yao alikila miaka ishirini.

Mwaka huo bahari ilichelewa kuganda. Maji yalipata joto, samaki wakahama, sili wakawafuata. Miezi miwili nyumba haikuonja nyama, na mbwa wakaanza kufa.

Ujarak akatia mkono katika tundu la barafu, pale walipozoea kuvizia sili. "Mama, hapa hamna kitu. Samaki wamekimbilia chini ya mlima wa barafu, maji ya kule bado yana baridi." Bila yeye wangekaa kwenye tundu tupu mpaka wafe.

Njia ya huko ilikuwa barafu changa. Nivi akatangulia akigonga. "Kanyageni nilipokanyaga. Na wewe Pipaluk." Mara tatu aliwarudisha nyuma. Mara ya tatu, pale alipopakataa pakapasuka mbele ya macho yao.

Huko sili akatoa pua avute pumzi, mara moja tu. Pipaluk akarusha chusa, likampata.

Mama akachemsha kichwa, akakiweka kwenye sinia. Hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa kuwa Nivi alitaka wabaki alipozikwa baba, Ujarak alitaka wahamie mbali zaidi wawafuate samaki, na Pipaluk alitaka waachane na bahari wakatafute kazi mjini.

"Mimi ndiye niliyemuua," alisema Pipaluk.

"Ungemuua ukiwa umezama?" aliuliza Nivi.

"Na mngemwona wapi?" alidakia Ujarak.

Mama akawatazama mmoja mmoja. "Baba yenu alikwenda peke yake, akarudi na sili. Bahari ile haipo tena, wanangu." Akalia, na sinia bado iko mkononi.

Haya, ipokeeni nyinyi hiyo sinia. Mkimpa Nivi, wanabaki. Mkimpa Ujarak, wanahama. Mkimpa Pipaluk, wanaiaga bahari. Yeyote mtakayempa, wawili watakaokosa watafuata hata kama hawataki. Msiniambie mtakigawa, desturi hairuhusu.

Je, wewe ungempa nani?