Sebule Iliyopiga Ngoma

Wenzangu, sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana leo mwamuzi si mimi.

Bi Sikudhani wa Lindi alifiwa na mumewe, mpiga ngoma hodari. Marehemu aliacha watoto watatu na ngoma moja. Kwa desturi ya ukoo wao, eda ikiisha mjane humkabidhi mtoto mmoja ngoma ya baba, nayo haigawanywi. Eda iliisha, lakini Bi Sikudhani, mchezaji aliyesifika mji mzima, alibaki mkekani. Hakutaka kucheza wala kuitazama ile ngoma. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi.

Hemedi, kifungua mimba, alikuwa fundi umeme. Ili kumwinua mama, alitundika kamera kwenye kuta za sebule, akaziunganisha na kompyuta na spika, hata mtu akiinua mkono tu, sebule inalia. Ila ililia kama masufuria yanayoporomoka.

"Mwanangu, utanitoa roho," mama akasema.

Mwanaidi, wa katikati, alikuwa na sikio. Enzi za uhai wa baba alizoea kumrekodi kwa simu. Akazikata sauti zile, akazipanga ndani ya kompyuta ya Hemedi: mguu ukatoa mdundo mzito, mkono ukatoa mwembamba. Sasa aliyepita sebuleni alimpigisha marehemu ngoma. Mama akasikia, akalia, lakini hakuinuka.

Rehani, kitinda mimba, kipaji chake kilikuwa kutoona haya. Alijitoma katikati akacheza, akitanguliza mguu wa kulia pale pa kushoto. Ngoma ya baba ikaenda kombo. Mama alivumilia weee, akashindwa.

"We Rehani, baba yako hajapiga hivyo hata siku moja. Usimwaibishe."

Akainuka mwenyewe. Akatanguliza kushoto, na mdundo wa mumewe ukamjibu palepale, sawasawa na zamani. Alicheza mpaka kanga ikamdondoka begani, akafurahi kuwa bado yu hai. Kisha akaketi, akaagiza ngoma iletwe.

"Bila sebule yangu, ungecheza na nini, mama?" Hemedi akauliza.

"Na sebule bila baba ni masufuria," Mwanaidi akasema.

Rehani akainama. "Mimi nilikosea tu." Kama alikosea kwa makusudi, hakusema.

Bi Sikudhani aliweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Tangu msiba, hakuwa ameigusa. Aliwapenda wote, na ngoma ni moja.

Nami namwacha hapohapo. Wewe unayesikiliza, kiganja kile kingekuwa chako, ngoma ungemsogezea nani?