Mama Abee

Waliosema kuteleza si kuanguka walijua wanalosema. Anayeteleza huyumba, huchafua magoti, na watu hupata cha kuchekea. Lakini njia bado ipo na miguu ni yake. Anayeanguka ni yule anayekubali kubaki chini. Klabu ya bastola ya Lhotka, huko Moravia katika nchi ya Cheki, iliisahau tofauti hiyo mpaka Zdislava Vrbková alipoikumbusha, tena bila kumwomba mtu radhi.

Zdislava alikuwa mwalimu wa piano mwenye miaka hamsini na kitu. Siku aliyoingia kwenye machimbo ya mawe ambako klabu hufanyia mashindano, bastola ikiwa ndani ya ala kiunoni, wa kwanza kufungua kinywa alikuwa Kvido Hanák, bingwa wa miaka mingi.

"Mama, kwaya iko kanisani!"

"Ndiko nilikotoka," Zdislava akajibu. "Sauti yako tu ndiyo iliyokosekana."

Mchezo wenyewe ni wa mbio na shabaha. Kengele ya kipima-muda ikilia, mtu huchomoa bastola akakimbia kutoka kituo hadi kituo, akizipiga shabaha za karatasi. Sheria moja haina msamaha: mtutu uelekee mbele daima, kwenye tuta la udongo. Ukielekea nyuma, hata kwa bahati mbaya, umetolewa.

Siku hiyo ya kwanza Zdislava alianza vizuri. Alipokuwa akikimbilia kushoto, Kvido alipaza sauti nyuma yake, "Zdislava! Magazini!" kana kwamba kile chombo cha risasi kimemdondoka. Naye, mtu wa adabu aliyelelewa kuitika kila aitwapo, akageuka.

"Abee?"

Mtutu ukageuka pamoja naye.

"Simama!" mwamuzi akafoka, na mambo yakaishia hapo. Kvido alicheka mpaka akashika mbavu. Kabla ya chakula cha mchana watu wote walikuwa wakimwita Mama Abee.

Mwenyekiti, Mzee Ševela, alimweka kando. "Dada, desturi yetu unaijua. Anayetolewa hubaki kubandika matundu ya shabaha mpaka jioni, na mashindano yajayo hutuletea mikate aliyooka mwenyewe. Lakini wewe bado mgeni. Ukitolewa tena, uanachama usahau."

Wageni wengi waliotolewa waliwahi kutia mabegi garini wakapotea moja kwa moja. Zdislava alitamani kufanya hivyo kwa aibu. Akamwona Kvido akimwonyesha mwenzake jinsi alivyogeuka, na hasira ikaizidi aibu nguvu. Akachukua vibandiko, akabandika mpaka jua likazama.

Nyumbani alimpa mumewe, Jarolím, kazi ya ajabu. "Niite. Niite kwa nguvu zako zote, nami sitaitika."

Basi majira yote ya joto akawa anakimbia bustanini na bastola tupu, aliyoikagua mara mbili, huku Jarolím akipiga kelele mlangoni. "Zdislava, simu yako!" Akapita mbio. "Zdislava, mama mkwe wako huyo amefika!" Akayumba kidogo, akaendelea. Siku moja akasikia, "Zdislava, supu inaungua!" Hakugeuka. Supu ikaungua kweli.

"Umefuzu," Jarolím akasema mezani, akitoa uyoga mweusi mdomoni.

Mwezi wa Septemba alirudi machimboni na sinia la buchty, vile vimikate laini vyenye jemu ya plamu ndani. Akaliweka mezani kwa kishindo. "Kuleni mshibe, maana mimi siwaokei tena."

Zamu yake ikafika. Kengele ikalia, akakimbia, na palepale pa kushoto sauti ya Kvido ikapaa nyuma yake, "Mama Abee! We Mama Abee!" Shingo haikusogea. Alisimama, akabadilisha magazini mtutu ukilitazama tuta, ndipo akakimbia tena. Shabaha mbili zilimponyoka, na kasi yake haikumtisha mtu. Lakini alimaliza. Mwamuzi alipohakikisha bastola ni tupu na imerudi kwenye ala, ndipo Zdislava akageuka polepole.

"Abee, Kvido. Ulikuwa unasemaje?"

Machimbo yote yakaangua kicheko. Kvido akaingia uwanjani damu ikimchemka, akitaka kumfunika kabisa. Alikimbia kama aliyeamsha nyuki. Akakimbilia kushoto, akabadilisha magazini huku miguu ikienda, na mtutu ukakwepa tuta ukaelekea nyuma.

"Simama!"

Hakuna aliyecheka. Kvido alibeba begi lake, akaelekea garini bila kuaga. Zdislava akamzibia njia, vibandiko mkononi.

"Unakwenda wapi? Matundu hayajibandiki."

"Niache, mama. Miaka yote hii, halafu nitolewe mbele za watu!"

"Mimi je, nilitolewa gizani? Na aliyecheka ni nani? Shika hivi."

Kvido alilitazama gari, akavitazama vibandiko. Akavishika.

Jioni jina la Zdislava lilisomwa karibu na mwisho, na Mzee Ševela akampa kadi ya uanachama. Zdislava aliipokea kana kwamba ni kombe. Alikuwa akifuta sinia aliposikia sauti nyuma yake.

"Zdislava." Akaendelea kufuta. "Zdislava, tafadhali. Hivi vimikate... hamira unatia kiasi gani?"

Hapo akageuka. "Abee, Kvido. Njoo Jumamosi nikufundishe. Na vikiungua mara ya kwanza usikimbie: kuteleza si kuanguka."