Kichanja Nje ya Mlango

Mtu mmoja alikuwa na ghala la mbegu. Jina lake lilikuwa Nathanaeli Mfinanga, wa kitongoji cha Vuambo katika milima ya Upare. Ghala lilikuwa lake, lakini mbegu hazikuwa zake. Kaya za vitongoji saba zilimkabidhi mbegu zao katika vibuyu, kila kibuyu kimechorwa alama ya nyumba yake, naye alizitunza tangu mavuno hadi mvua. Mlango ulikuwa mmoja, wa mninga, na kufuli lilikuwa moja, la chuma. Ufunguo ulining'inia shingoni mwa bawabu, Elieza Kalaghe, mtu mwaminifu ambaye kwa miaka kumi na minane hakupoteza hata punje.

Mwaka ule ilifika habari kutoka bonde la pili. Mtu aliingia katika ghala la huko, wala hakuna aliyeona upungufu. Alichukua mbegu, akaacha mbegu. Ila zile alizoacha zilikuwa zimechemshwa, kisha zikakaushwa juani. Vibuyu vilikuwa vimejaa na alama zilikuwa zilezile. Watu wakapanda. Mvua ikanyesha vizuri. Hakuna kilichoota.

Mfinanga aliposikia hayo hakula siku ile. Akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kulisimamia ghala, kabla mvua za vuli hazijaanza.

Walikuja wawili. Wa kwanza alikuwa Ombeni Msofe, aliyejifunza ufundi wa makufuli Tanga na kurudi na vyeti vitatu. Wa pili alikuwa Naelijwa binti Mrutu, msusi wa matenga, asiye na cheti chochote. Watu waliokuwa uani walicheka. "Binti Mrutu," mmoja wao akamwambia, "hapa hatusuki, tunalinda." Naye akamjibu bila kuinua macho, "Anayesuka ndiye ajuaye tundu lilipo, shemeji."

Mfinanga akawapa kazi moja. Katika siku tatu, kila mmoja amwambie ghala lile linaweza kuingiliwaje.

Msofe alilifungua kufuli, akalisafisha, akapima bawaba na misumari. Akasema kwamba bila ufunguo mlango ule hauingiliki. Alisema kweli.

Naelijwa aliomba kwanza karatasi. Alitaka Mfinanga aandike kwa mkono wake kwamba amemruhusu kujaribu kuingia, kwa siku zile tatu tu, na kwamba atagusa kibuyu kimoja tu. Mfinanga alistaajabu, lakini akaandika na kutia sahihi. Kisha Naelijwa akakaa siku mbili ng'ambo ya njia akisuka tenga. Hakulitazama kufuli hata mara moja. Aliwatazama watu.

Ni desturi ya Vuambo kwamba mbegu haiwekwi chini kabla ya siku ya kupandwa. Mtoto wa huko hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Basi siku ya tatu, saa sita mchana, Naelijwa alifika mlangoni na tenga zito la mahindi ya mbegu kichwani, juu ya kata ya majani ya mgomba. Akapiga hodi. Akaamkia. Jasho lilikuwa likimtoka. Amri ya ghala ilisema mleta mbegu asubiri nje mpaka jina lake lipatikane daftarini. Kalaghe aliitazama shingo yake, akautazama udongo miguuni pake, akavua ufunguo, akafungua mlango. "Ingia utue rafuni, mwanangu. Utavunjika bure." Mwenyewe akaelekea kibandani kwake kuleta daftari.

Saa saba Naelijwa aliweka kibuyu juu ya meza ya Mfinanga. Kilikuwa na mistari miwili na nukta: alama ya nyumba ya Mfinanga mwenyewe.

Mzee aliinuka akaenda ghalani. Kufuli lilikuwa zima. Mlango ulikuwa mzima. Akarudi, akakigeuza kibuyu mikononi, kama mtu aliyegundua uzeeni kwamba nyumba aliyolala tangu ujana haina ukuta wa nne. Vitongoji saba vilikuwa vimening'inia kwenye huruma ya mtu mmoja, na hakuna aliyejua.

Akamwita Kalaghe. Bawabu alipoona kibuyu alielewa. Alivua ufunguo shingoni akaunyoosha mbele katika kiganja chake, na Mfinanga akanyoosha mkono kuupokea.

Ndipo Naelijwa aliposema, "Baba, usimwondoe mtu huyu. Jenga kichanja nje ya mlango."

Mfinanga akaurudisha mkono wake. Jioni ile nguzo nne zilisimikwa mlangoni pa ghala, zikafungwa fito juu yake, zikafika usawa wa kifua. Kuanzia hapo aliyeleta mbegu alitua mzigo bila kuvunja desturi, na mlango ulibaki umefungwa.

Siku ya kumi alikuja mtu mgeni, mpole wa maneno, na gunia la mbegu kichwani. Alisema amechoka sana. Kalaghe akamkaribisha kwa heshima, akamwonyesha kichanja, akaenda kuleta daftari. Aliporudi hakumkuta. Gunia lilikuwa palepale, na mwenyewe hakurudi kulichukua. Kalaghe alitoa punje kumi, akazipanda katika chungu, akamwagilia siku kumi na nne. Hazikuota.

Mwaka ule vitongoji saba vilipanda, na vyote vikavuna.

Mfinanga alimpa Naelijwa kazi, akamtuma kwa Msofe ajifunze makufuli mpaka apate cheti. Msofe alimfundisha vyema. Msofe mwenyewe, baada ya muda, alionekana ameketi ng'ambo ya njia, akitazama watu.

Ninyi mmeniuliza watoto wenu wasome nini ili wapate kazi ya kulinda kompyuta na mitandao. Wasome makufuli, na vyeti wavitafute. Msofe hakuwa mjinga. Lakini ghala la siku hizi limetunza majina yetu na magonjwa yetu, na adui hapigi nyundo mlangoni. Huja na mzigo kichwani: ujumbe wa simu wenye adabu, unaoomba umfungulie mara moja tu. Karatasi ile ya ruhusa ndiyo iliyomtenga Naelijwa na mwizi, maana kwa mikono walifanana. Basi kabla hamjalipa ada ya chuo, mtazameni mtoto kwa siku chache. Akiona tundu katika nyumba ya jirani, je, huingia, humcheka aliyeliacha, au huomba fito za kujengea kichanja?