Chama cha Kibuyu na Mpango Usio na Majina

Enyi mlioketi, nikisema "Kisa!", itikeni "Kishuke!"

Kisa!

Kishuke!

Kishuke na nini?

Kishuke na kweli yake!

Basi tulieni. Hapo kale, kale ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia tu, wanyama walinena na mawe yalisikiliza. Katika bonde moja palikuwa na chama kidogo. Hakikuwa chama cha vita wala cha biashara. Kilikuwa chama cha kuwapelekea maji wasioweza kuyafuata: vipofu, viwete, na waliojifungua. Kiliitwa Chama cha Kibuyu, maana kila alfajiri kila mwanachama alijaza kibuyu kimoja akakipeleka kwa mnyonge wake. Hakulipwa, wala hakutaka kusifiwa.

Wanachama walikuwa wanne. Mwenyekiti alikuwa Kanga, mama mwenye haya na ibada. Katibu alikuwa Nungunungu, ambaye kalamu zake zilimwota mgongoni. Wa tatu alikuwa Muhanga, mchimba visima, asiyefungua kinywa mpaka alazimishwe. Wa nne alikuwa Mzee Ngedere, mkongwe kuliko wote.

Chama kilikuwa na sharti moja, nao waliapa kulishika: "Atoaye asimtaje ampaye." Waliogopa riya, kile kiburi kinachokula thawabu kama mchwa alavyo mlango. Kwa hiyo kila mmoja aliijua njia yake, na hakuna aliyeijua njia ya mwenzake.

Sharti zuri, sivyo? Ngojeni.

Mwaka huo ukame ulikaza, na Mzee Ngedere akafa. Wakamlilia, wakamzika, wakamwombea. Kisha wakarudi kwenye vibuyu vyao, kila mmoja njia yake.

Jamani, mmeelewa kilichotokea? Kibuyu cha Ngedere kilikuwa cha Bibi Paa, kipofu aliyeishi peke yake juu ya Kilima cha Chokaa. Ngedere amekufa, na siri yake ameingia nayo kaburini. Bibi Paa hana habari. Siku ya kwanza akangoja. Siku ya pili akangoja. Siku ya tatu akangoja. Siku ya nne akaanza kuramba umande juu ya mawe.

Asubuhi ya siku ya tano akasikia nyayo zikipanda.

"Ewe mpita njia," akaita, "una tone la maji?"

"Sina, bibi," sauti ikajibu. "Lakini wenyewe wanakuja. Wewe lala tu."

Alikuwa Fisi. Akamzunguka, akamnusa. Fisi hapendi windo linalopiga mateke. Hupenda lililokwisha kulala. "Bado," akajisemea, "bado kidogo." Akashuka.

Siku hiyohiyo, kule bondeni, wanachama walikuwa wameketi. Kanga alisema, "Ndugu zangu, tumepungua, na ukame umezidi. Tuandike mpango mkakati wa miaka mitatu, chama kisije kikafa pamoja nasi." Tena walikuwa wamempata mwanachama mpya wa kushika nafasi ya marehemu, Mama Pimbi, mjane mwenye maneno machache na macho makali.

Mara Fisi akabisha. "Hodi, wastahiki! Nasikia mnaandika mpango. Mimi nimewaandikia nyati, nimewaandikia pundamilia. Nitawaandikia na nyinyi, wala sitaki ujira."

Fisi asiyetaka ujira! Mlisikia wapi? Mimi mwenyewe hapa mwili unanisisimka. Lakini wale walikuwa wema, na mwema humpima mwenzake kwa pishi yake mwenyewe. Wakamkaribisha.

Mama Pimbi akainua mkono. "Samahani, mwenyekiti. Mimi ni mgeni. Kibuyu changu nimekwisha kukikwangua. Marehemu alikuwa akimpelekea nani?"

Fisi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Majina? Astaghafirullahi! Mama, hiyo ni riya! Kwanza dira, kisha mengine."

Kanga akainamisha kichwa. "Sharti ni sharti, Mama Pimbi. Keti."

Wakaandika dira kutwa nzima: "Bonde lisilojua kiu." Wakaisoma, wakashangilia, wakatawanyika.

Siku ya sita, nyayo zikapanda kilimani.

"Wamekuja?" Bibi Paa akauliza.

"Wako kikaoni, bibi. Wanakuwazia wewe. Lala tu."

Akamzunguka, akamnusa. "Bado," akasema, "bado kidogo." Akashuka kikaoni.

Kutwa hiyo wakaandika malengo. Fisi akatamka, Nungunungu akaandika: watachimba maziwa matatu, watageuza mto upande wa pili, wataita mvua kwa wakati wake.

Muhanga akakohoa. "Maziwa matatu atachimba nani?"

"Wewe, bwana mkubwa," akasema Fisi.

"Kwa kucha hizi?"

"Kwa imani!"

"Basi imani ije na jembe lake," akasema Muhanga. Wakacheka mpaka Kanga akajifunika uso kwa bawa.

Mama Pimbi hakucheka. "Mwenyekiti, mnisamehe. Maziwa ni ya mwaka wa tatu. Mimi nina kibuyu cha leo. Nikipeleke wapi?"

"Riya! Riya!" akapiga kelele Fisi.

"Keti, mama," akasema Kanga, lakini safari hii sauti yake ilitetemeka.

Siku ya saba, nyayo zikapanda. Bibi Paa hakuuliza neno. Kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya jiwe. Fisi akamzunguka, akamnusa, akalamba midomo. "Leo," akasema. "Leo jioni." Akashuka mbio, ili kikao kisimalizike mapema.

Kikao kikaanza. Mpango ulikuwa umefika mistari arobaini. Katibu akaanza mstari wa arobaini na moja, "Walengwa wetu ni," na kalamu ikasimama.

"Mbona huandiki?" akauliza Fisi. "Andika 'wahitaji wote'. Inatosha. Hata nyati waliandika hivyo."

"Mwenyekiti," akasema Nungunungu, "nimeandika maziwa, nimeandika mito, nimeandika mvua. Naona haya kukuambia: sijaandika kiumbe hata mmoja."

Mama Pimbi akasimama mara ya tatu. Hakuomba radhi. "Kibuyu cha marehemu kilikwenda kwa nani?"

"Riya..." akaanza Fisi.

"Nampelekea Kongoni kiwete, kule bondeni chini!" Ndiyo, alikuwa Muhanga, asiyefungua kinywa. Kiapo kikavunjika mbele ya wote. "Haya, nimesema. Kama thawabu yangu imeliwa, na iliwe."

Kanga akafumba macho. "Wangu ni Mama Kuro na mapacha wake."

"Wangu ni Babu Ngiri, asiyeona," akasema katibu.

Kwa kila jina Nungunungu alichomoa mwiba mgongoni akauchomeka ardhini. Miiba mitatu. Wakaitazama.

"Na Bibi Paa wa Kilima cha Chokaa?" akasema Kanga polepole. "Muhanga, si unakwenda wewe?"

"Mimi? Nilidhani katibu."

"Mimi? Nilidhani mwenyekiti!"

Wallahi! Kanga manyoya yalimsimama. Nungunungu miiba yake ikagongana. Siku saba! Walikuwa wamelia juu ya kaburi la mbebaji, na hawakuuliza habari za mzigo.

Mama Pimbi akageuka. "Na wewe, Bwana Fisi, unayetuandikia mipango bure. Miguu yako ni myeupe mpaka magotini. Chokaa hiyo umeikanyaga wapi?"

Fisi akatazama miguu yake. Akatazama miguu ya wengine, yote ina udongo mwekundu wa bondeni.

"Nilipita tu kumjulia hali."

"Ulijua yuko katika hali ile," akasema Kanga, "ukaketi nasi siku tatu ukituandikia dira?"

"Mwenyekiti, mimi ni mtaalamu. Hamkuniuliza."

Nungunungu akasimama. Aligeuza mgongo, akarudi nyuma kwa nguvu. Fisi akatoka bondeni akilia, miiba imemjaa puani, na tangu siku ile haalikwi kikaoni.

Wakakimbia. Mama Pimbi mbele na kibuyu kikimwagika, Muhanga akihema, Kanga akiruka na kuanguka na kuruka tena. Wakafika kileleni. Bibi Paa amelala ubavu, ulimi umekauka kama gome. Kanga akalowesha bawa, akampangusa midomo. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, sikio likacheza.

"Nyinyi ndio wenzake?" akanong'ona.

"Ndio sisi, bibi. Tusamehe. Kunywa."

Akasukuma kibuyu kwa pua. "Amekufa, sivyo? Angekuwa hai angekuja. Nilijua siku ya kwanza. Nikasema wenzake watakuja kesho. Nimesema kesho mara saba."

Kanga akamsogezea tena kibuyu.

"Miaka sita aliniletea maji," akasema Bibi Paa, "akaweka kibuyu akaondoka. Siku saba hizi nimetaka kumwombea, nikashindwa, maana hakuniambia aitwaje. Niambieni jina lake kwanza. Ndipo nitakunywa."

Kanga, mwenye haya na ibada, akalia mbele ya wote. "Aliitwa Ngedere, bibi," akasema. "Ngedere."

Bibi Paa akamwombea kwa jina lake. Kisha akanywa.

Wanangu, kuficha sadaka ni kwema, lakini ficheni mkono utoao, msimfiche mnyonge apokeaye. Na mkiandika mpango, dira haina kosa. Ila mstari wa kwanza uwe jina la mwenye kiu, na wa pili jina la atakayekwenda mwenzake akifa.

Kisa nilikishusha, nacho sasa kiko mikononi mwenu. Mwenye sikio akibebe, mwenye usingizi akiamkie, mimi nimekaa.