Bi Pimbi na Ukuta wa Lambo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kusonga ugali, aliishi Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Kijinyama cha kwenye mawe, hakimzidi paka kwa ukubwa. Basi huyohuyo ndiye Jumbe Simba aliyemteua kusimamia ujenzi wa lambo. Msicheke, ngojeni kwanza.

Kazi ilikuwa kujenga ukuta wa magogo na udongo bondeni, ili mvua zikinyesha maji yabaki. Mwaka uliotangulia hayakubaki, na kiangazi kilipokaza, Bi Pimbi aliwanywesha wanawe matope. Aliapa hawatayanywa tena.

Lakini wenye nguvu za kusukuma magogo walikuwa Tembo na Kifaru tu, na wote wawili walikuwa wamejilalia kivulini. Bi Pimbi akawaamuru, wakapiga miayo. Akawabembeleza, Kifaru akageukia upande wa pili. Akawatisha kwa jina la Jumbe, ndipo Tembo akasema taratibu, "Bibi, mimi nitoke jasho kwa amri ya mtu nisiyemwona mpaka niiname?"

Ilimuuma, nawaambieni. Alirudi nyumbani roho juu, maana mawingu yalishaanza kujikusanya. Alipokuwa akikoroga uji wa watoto ndipo wazo likamjia: mabwana wale hawakubali kuambiwa, lakini hawawezi kunyamaza wakimwona mwenzao anakosea.

Asubuhi akashuka na vijiwe vyake, akaanza kuvipanga juu kwenye mteremko, mahali ambapo maji yangepita pembeni na kwenda zao. Ko! Ko! Ko! Tembo akamtazama. Akaangalia kando. Akamtazama tena. Uvumilivu ukamwishia.

"Wewe bibi, ukuta hauwekwi hapo."

"Ungewekwa wapi, mjomba?"

"Pale chini, bonde linapobana."

"Mh, pale gogo halikai. Litabiringika tu."

"Halikai? Hebu pisha." Tembo akainuka, akalisukuma gogo, likatua tii! Likakaa.

Bi Pimbi akamshukuru, kisha akapita kwa Kifaru na kumwuliza, kwa unyenyekevu kabisa, kama gogo lile la Tembo halijapinda. Kifaru akalikodolea macho, akaguna, akasema limepinda sana. Akatoka mbio kwenda kuonyesha gogo linavyolazwa. Tembo naye akaona la Kifaru limekaa ovyo. Wakashindana hivyo hivyo mpaka ukuta ukasimama, na mvua ilipoanguka, bonde likajaa maji.

Jumbe alipofika akauliza fundi ni nani. Tembo akasema ni yeye, Kifaru akasema ni yeye.

"Ni wao, Jumbe," akasema Bi Pimbi, na moyo wake umejaa fahari, maana wanawe walikuwa wanakunywa maji safi mbele ya macho yake.

Jumbe alipoondoka, Tembo akamvuta Bi Pimbi kando. "Hivi kweli hukujua pa kuweka ukuta?"

"Mjomba, mimi nimezaliwa kwenye jiwe lile pale. Kila mvua nayaona maji yanapopita."

Tembo akalitazama jiwe, akautazama ukuta. Halafu akacheka mpaka masikio yakampiga mashavuni.

"Mwakani usijisumbue kukosea," akasema. "Niambie tu, nitakuja."

Bi Pimbi akaenda zake nyumbani kifua mbele, mfupi vilevile.

Nanyi mtakaokuja kuwa wakubwa wa kazi, shikeni hili: anayejua kuongoza huwafanya wenzake watake wenyewe kuinuka.