Hodi ya Wimbi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wenye masikio. Wenye vyeo wakae nyuma, wao hawasikii.

Hapo zamani za kale, mawimbi yakiwa bado na adabu, paliishi mchokoa pweza aitwaye Mize. Kibanda chake cha makuti kilikuwa ufukweni kabisa, na hakikuwahi kulowa. Sababu aliijua. Kila wimbi lililotoka bahari kuu lilipiga kwanza hodi kwenye mwamba wa matumbawe. Hodi, hodi, hodi. Mwamba ukajibu, "Karibu, lakini fujo iache nje." Wimbi likaingia limeshanywea. Na ndani ya mwamba huo pweza walilala, pono walikula, vitoto vya changu vilijificha papa asivione. Kitoweo cha kijiji kizima kilizaliwa humo.

Sasa, Jumbe Makungu, mkuu wa kijiji, akataka ghorofa ya chokaa, na chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Kazi ya kuyavunja akampa mpwa wake Vuai, asiyejua hata kuogelea. Intavyuu haikufanywa. Kwalifikesheni ilikuwa moja tu: mama yake ni dada wa Jumbe.

Vuai akaanza kuvunja mbele ya nyumba ya mjomba, maana ndiko karibu. Pweza mmoja aliyebomolewa pango akaja kumwonya Mize kwamba upande wake ndio unaofuata. Maji yalipokupwa, Mize akaenda akaketi juu ya mwamba, kijiti chake cha kuchokolea mapajani. Jumbe akaja akamwambia, we mwanamke wa pweza, ondoka, hayo ni mawe tu.

"Mawe hayazai kitoweo, Jumbe. Upande huu hauguswi, na mimi sinyanyuki."

Jumbe akacheka, akaona aliyonayo yanatosha. Ghorofa ikasimama, nyeupe kama jino.

Bamvua, yale maji makuu ya bahari, likaja na upepo wake. Wimbi likapiga hodi upande wa Mize, likajibiwa, likanywea. Likaenda upande wa Jumbe. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Hodi. Mgeni muungwana asipojibiwa mara ya tatu hurudi kwao. Lakini wimbi likaona hata mlango wa kubishia haupo, mwamba umeshavunjwa. Likaingia mpaka chumbani, likatoka na kuta.

Asubuhi Jumbe alisimama kwa Mize, kanzu inachuruzika. Hodi. Mize akakoroga mchuzi. Hodi. Mize akaonja chumvi.

"Hodi, Bi Mize."

"Karibu, Jumbe. Lakini fujo iache nje."

Akamlisha, kisha akauliza kama matumbawe yote yalichomwa. Kumbe Vuai, kwa uvivu, mengi hakuyafikisha tanuruni. Aliyatupa kwenye dimbwi la maji ya bahari, yangali hai. Uvivu huo ndio kazi yake ya kwanza yenye faida. Yule pweza akasema yafungwe tena mwambani, yatashika.

Basi kila maji yakipwa, Jumbe aliinama na kamba za makumbi ya nazi, mgongo juani, akifunga kipande kwa kipande. Mize akisimamia. Hapo bosi nani?

Miaka ikapita. Siku moja wimbi likapiga hodi palepale palipobomolewa, kwa mazoea tu. Kisauti chembamba kikajibu kutoka chini:

"Subiri hapo nje. Mwenyewe bado nakua."

Wimbi likasubiri.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka ghorofa aanze kwa kupiga hodi.