Mwiko wa Nangasu

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi na sungura kusemezana, bali zamani hii ya karibu ambayo mtu akigeuka nyuma bado anaiona, palikuwa na mtu mmoja katika milima ya Upare, jina lake Senzota. Senzota alikuwa na mke, Nangasu, na Nangasu alikuwa na shamba. Shamba lenyewe lilikuwa dogo, matuta machache tu yaliyokatwa kama ngazi juu ya kilima, mahali ambapo ukungu huchelewa kuondoka. Halikuwa na mahindi wala maharage. Lilikuwa na stroberi.

Kila mwaka kipupwe kilipoingia na matunda yakaanza kuiva, Nangasu alikusanya watu wake. Binti yake, Namsifu, alikuja kutoka Moshi bila mumewe. Mwanawe, Mbazi, alipanda kutoka nyumba ya bondeni pamoja na mkewe, Zahabu. Wakashika njia na vikapu vyao, chupa ya chai na magimbi ya kuchemsha, Nangasu mbele, Senzota nyuma.

Shambani palikuwa na sheria moja. Kila mchumaji sharti aongee. Aongee lolote: habari za gulioni, ndoto ya jana, kesi ya mbuzi wa jirani. "Anayenyamaza anakula," Nangasu alikuwa akisema, na mtu akinyamaza alimwendea na kumwamuru atoe ulimi, na mara nyingi ulimi ulikuwa mwekundu. Kwa hiyo waliongea. Waliongea wote kwa pamoja, hakuna aliyemsikiliza mwenzake, na kelele zao ziliteremka hadi kijijini, watu wakaambiana, "Wale wa Nangasu wanachuma."

Jioni jamu ilipikwa uani juu ya mafiga. Ilipokwisha kumiminwa kwenye chupa, palibaki ile iliyong'ang'ania mwiko. Hiyo haikuoshwa. Nangasu aliinua mwiko, akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Jamu ya leo ni ya fulani," akaeleza sababu, na fulani akalamba mbele ya wote. Mwaka mmoja ilikuwa ya Mbazi kwa kuwa alipandisha maji. Mwaka mwingine ilikuwa ya Senzota kwa kuwa, mkewe alisema, siku nzima hakutoa ushauri hata mmoja.

Ndivyo walivyokaa. Kisha masika moja Nangasu akaugua, na masika hayo hayo akawa mtu wa kitandani.

Namsifu aliomba ruhusa kazini akaja kumuuguza. Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko. Mama alipopata nafuu ya kuongea, alimfundisha jamu: sukari iingie lini, moto upunguzwe lini, povu lienguliwe vipi. Zahabu alikuja kila asubuhi na maji na kuni, akaongea tangu kuingia mlangoni hadi kutoka. Mbazi hakuonekana sana. Alikuja, akasimama kizingitini, akauliza, "Mama umeamkaje?" na kabla hajajibiwa vizuri alikwisha kwenda zake. Namsifu aliliona hilo na akaliweka moyoni.

Siku moja Nangasu alimwita mumewe.

"Mwiko wangu usiutundike ukutani," alisema.

"Nani kasema nitautundika?"

"Utautundika, halafu utaanza kuuangalia. Nakujua. Mwaka huu atakayelamba na aondoke nao. Jamu ipikwe kwake, na safari ya kuchuma ianzie kwake. Wewe ndiye utakayeamua."

Senzota aliinamisha kichwa. Alielewa alichoombwa. Alikuwa akiombwa aitoe sauti ya mwisho iliyobaki katika nyumba yake, ile ya wachumaji, na kumkabidhi mtu mwingine. Lakini aliyeomba ni Nangasu, na Senzota hakuwa na mazoea ya kumnyima. Akasema, "Sawa." Kabla mvua hazijakatika, wakamzika.

Kipupwe kikaingia. Wakakusanyika. Wakashika njia na vikapu vyao, chupa ya chai na magimbi ya kuchemsha, na hakuna aliyetaka kutangulia. Senzota alitazamia kukuta pori. Tangu mkewe augue yeye hakukanyaga kule, na stroberi zikiachwa masika moja tu humezwa na magugu. Lakini walipofika juu waliyakuta matuta masafi, na chini ya kila shina pametandikwa nyasi kavu ili matunda yasiguse udongo, vilevile kama Nangasu alivyokuwa akitandika.

"Nani kapalilia?" Namsifu aliuliza.

Mbazi alikuwa akitazama chini. "Mimi."

"Lini?"

"Siku zile nilipokuwa siji."

Wakainama wakachuma. Na siku hiyo hakuna aliyeongea. Namsifu hakuongea, Mbazi hakuongea, Zahabu ambaye huongea hata na kuku hakuongea. Kila tunda liligeuzwa kwanza, likatazamwa pande zote, na lililokuwa na weupe hata kidogo likaachwa kwenye shina lake. Walitaka Nangasu apate yaliyo mazuri tu. Senzota alisikia vikonyo vikikatika na upepo ukipita kwenye nyasi. Walinyamaza wote, na hakuna aliyekula.

Uani Namsifu alishika mwiko. Alifuata kila alichofundishwa. Sukari iliingia kwa wakati wake, moto ukapunguzwa kwa wakati wake. Jamu ilichemka, ikaruka, ikamuunguza kifundo cha mkono, naye hakuuachia mwiko. Akadondosha tone kwenye sahani ya baridi, akaiinamisha. Tone likatiririka kama uji wa mgonjwa. Akakamulia limau, akasubiri, akadondosha tena. Likatiririka tena.

"Haigandi," alisema. Kisha kwa sauti ndogo, "Nimefuata yote, baba. Hakuna nililoacha."

"Wifi," Zahabu alisema, "nikisema neno utanipiga na huo mwiko?"

"Inategemea neno."

"Matunda haya ni mazuri mno."

"Zahabu, leo si siku ya mzaha."

"Sifanyi mzaha. Mama alikuwa akinigombeza kila mwaka. 'Zahabu, unachuma kwa mdomo, kikapu chako kimejaa mashavu meupe.' Si alikuwa akinisema? Lakini umewahi kumwona akiyatoa? Alinisema, kisha akayamwaga humo humo sufuriani pamoja na yenu. Na nyinyi vikapu vyenu navyo havikuwa visafi, msijifanye. Tulikuwa tunapiga domo, nani alikuwa anaangalia tunda?"

Senzota aliliona jambo hilo kana kwamba limewekwa mbele yake juu ya meza: mkewe akiinua kikapu cha Zahabu, akitikisa kichwa, akimwaga. Kila mwaka. Wala hakuwahi kutoa hata moja.

"Ni kweli," alisema.

"Basi yale mabichi ndiyo yaliyokuwa yakiishika jamu," Zahabu alisema. "Hebu epueni hiyo. Ninarudi juu."

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Senzota hakupenda mkwewe aende peke yake, akachukua fimbo yake akamfuata. Walipofika alianza kuchuma pamoja naye, yale yenye mashavu meupe, kimya.

"Baba," Zahabu alisema bila kugeuka, "anayenyamaza anakula."

Senzota alisimama. Kisha akaanza kuongea. Alisema jinsi Nangasu alivyoileta miche ile kutoka Lushoto, alikokwenda kumtazama dada yake aliyejifungua, imefungwa kwenye jani la mgomba kama nyama ya kupelekewa mgonjwa. Majirani walicheka, wakauliza kama matunda hayo yanasongwa ugali. Naye Senzota alicheka pamoja nao. Nangasu alichukua jembe. Aliongea hivyo mpaka kikapu kikajaa, na Zahabu, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alimwacha mtu amalize.

Mabichi yakakatwakatwa yakaingia. Namsifu akarudi motoni na mkono wake uliofungwa kitambaa, akakoroga, akaengua, akakoroga. Akadondosha tone, akaiinamisha sahani. Tone likabaki mahali pake. Alilisukuma kwa kidole, likajikunja juu kama utando wa maziwa.

Wakamimina kwenye chupa. Mwiko ukabaki umevaa jamu, mkononi mwa Senzota.

"Semeni," Senzota aliwaambia. "Mama yenu alikuwa akiona mwenyewe. Mimi sharti nisikie."

Mbazi alisema, "Baba, mimi sikukaa kitandani kwa mama, na dada ananihesabia. Ananihesabia kwa haki. Nilikuwa nikimwona amekonda vile, miguu inakataa. Nikaenda mahali ambapo ningeweza kumfanyia kitu. Kama nisingekwenda, leo tungechuma magugu. Bila tunda hakuna jamu."

Namsifu alisema, "Mdogo wangu alipalilia, sikatai. Lakini stroberi hazikumwita usiku. Mama aliniita mimi. Aliyoyajua aliniachia: moto, sukari, mkono. Mabichi yaliingia, ndiyo, lakini hayakujikoroga. Nimeungua na sikuachia. Halafu, baba, tazama: mwiko akipewa Mbazi, Zahabu amepata. Akipewa Zahabu, Mbazi amepata. Wale wana milango miwili ya kuingilia. Mimi nina mmoja."

"Ati milango miwili," Zahabu alisema. "Wifi, mumeo angekuwa anakuja kuchuma badala ya kulala, mngekuwa nayo miwili." Hata Namsifu alicheka kidogo. Kisha Zahabu akasema, "Baba, mimi sikutoka tumboni mwa mama, wala sitajifanya. Nimekuja nyumba hii na mdomo wangu tu, na mdomo huo umesemwa hadi nimezoea. Wao walikuwa na tunda, walikuwa na moto, na jamu ilikuwa maji. Ni mama aliyejua kazi ya mdomo wangu, akanyamaza nayo. Mimi nimeikumbuka leo. Lakini na mimi nina kosa: asubuhi niliogopa. Kama ningeongea kule juu, wote mngeongea, na dada yangu huyu asingeungua."

Jamu kwenye mwiko ilikuwa imeanza kupoa na kupoteza mng'ao.

Namsifu ndiye aliyesema tena. "Au lamba wewe, baba. Tundika tu mwiko ukutani. Mwakani tutakuja hapa hapa, kama siku zote."

Senzota aliutazama ukuta wa jiko. Msumari ulikuwepo. Aliiona njia ya mwakani ikianzia kwenye geti la mtu mwingine, naye akifika hapo na kikapu chake kama mgeni, akiulizwa kama amekunywa chai. Akamkumbuka na yule aliyesema, "Nakujua." Akauinua mwiko, akawatazama mmoja mmoja, kama alivyokuwa akitazamwa.

Hapo alipousimamisha ndipo nami ninapousimamisha. Yuko aliyelinda tunda kwa kukimbia kitanda. Yuko aliyekaa kitandani, akashika moto, lakini jamu ikamkatalia. Yuko aliyejua siri, akachelewa kufungua kinywa. Na yuko mwenye nyumba, aliyeambiwa atoe kile alichotamani kubaki nacho. Mwiko ni mmoja, na jamu inakauka.

Nyinyi mliosikiliza msiinamishe vichwa; anayenyamaza anakula. Je, mwiko wa Nangasu ulikuwa wa nani?